Kung'ara si kujichubua: neno kwa wazazi juu ya poda za uso



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu wasomaji, huenda mkashangaa kuona mwalimu wa madrasa, mwanamume ambaye ndevu zake zimeanza kuchanganya rangi, ameacha mirathi na tajwidi akakaa kuandika habari za poda za wanawake. Hata sisi tumejishangaa. Lakini limetokea jambo katika madrasa yetu hapa Nyamirambo, Kigali, na sehemu ya kosa ni yetu wenyewe, kwa hiyo kunyamaza hakutufai.

Jumamosi moja, baada ya likizo ya shule, binti mmoja wa miaka kumi na sita alikaa safu ya nyuma kabisa na ushungi wake ameuvuta hadi karibu na macho. Ilipofika zamu yake ya kusoma Suratul-Mulk alisoma kwa sauti ya chini, na mkono hakuutoa shavuni. Mwalimu mwenzetu wa kike, ambaye watoto humwita Ustadha, alimchukua pembeni baada ya kipindi. Mashavu yalikuwa mekundu, ngozi inabanduka kama ya mtu aliyeunguzwa na mvuke, na chini ya macho palikuwa pamegeuka peusi. Alipoulizwa, alilia kwanza, kisha akasema.

Dada yake mkubwa alikuwa anaolewa. Wasichana wenzake walikuwa wanazungumzia ile poda yenye kumetameta inayopakwa juu ya mashavu, wao wanaiita hailaita, na yeye akaitaka kwa ajili ya siku ya hina. Akamwomba baba yake. Baba akamjibu kwamba Maalim ameshasema mekapu yote ni kubadili maumbile aliyoyaumba Allah, na mjadala umekwisha. Basi akajiwekea pesa kidogo kidogo, akaenda mjini peke yake, akamwambia muuzaji, "Nataka kitu cha kung'arisha uso." Muuzaji hakumwuliza zaidi. Akamtolea kikopo kidogo kisicho na maandishi, ndani yake krimu nyeupe iliyochotwa kutoka kopo kubwa zaidi. Akaambiwa apake asubuhi na usiku. Akapaka wiki tano.

Na ni kweli, tulisema. Tuliyasema maneno hayo katika darsa ya wazazi, mwaka juzi, kwa sauti kubwa, na watu wakaitikia. Hatukubainisha. Hatukusema ni mekapu ipi, wala mbele ya nani, wala kwa muda gani. Tuliweka wanja, poda, rangi ya mdomo na mkorogo katika kapu moja, tukalifunga kapu, tukaondoka tukijiona tumetoa nasaha.

Litazameni kwanza hilo neno lenyewe, kwani nusu ya balaa imo humo. Kiswahili chetu kina neno kujichubua, nalo ni neno la kweli, halimdanganyi mtu: kuchubua ni kuondoa ngozi. Wanyarwanda nao wana kwitukuza, yaani kujifanya mwekundu, mweupe. Mwuza mkorogo hawezi kutumia maneno haya kwa sababu yanamfichua. Yeye anasema kung'arisha. Na kung'arisha ni neno zuri, sufuria hung'arishwa, viatu hung'arishwa, nyota hung'ara. Msichana anayetaka poda ya kumeta na msichana anayetaka kugeuza rangi aliyopewa na Mola wake wanatumia neno moja mbele ya meza moja, na mwenye meza humpa kila mmoja kile chenye faida kubwa kwake.

Basi tukafanya tulilopaswa kulifanya kabla ya ile darsa: tukauliza. Tuliketi na mama wa watoto wetu, na dada mmoja wa hapa mtaani ambaye kazi yake ni kupamba maharusi, tukamwomba atueleze hailaita ni kitu gani. Tulijifunza mengi kwa saa mbili kuliko tulivyotarajia.

Hailaita haibadilishi rangi ya ngozi. Kinachometa ndani yake ni madini yaitwayo maika, ambayo asili yake ni mawe yanayopasuka katika tabaka nyembamba mno kama karatasi. Husagwa yakawa vumbi, na kila kipande hupakwa utando mwembamba wa titani dioksidi, ile rangi nyeupe inayotumika pia katika rangi za kuta. Mwanga ukipiga hapo hurudi. Wakitaka kumeta kwa dhahabu au shaba huongeza oksidi ya chuma, yaani kutu, kwa maneno ya nyumbani. Ukinawa kwa sabuni vyote vinaondoka na uso wako ni ule ule. Mkorogo haukai juu ya uso, unaingia. Ni tofauti ya mtu aliyeweka kitambaa kizuri juu ya meza na mtu aliyeichonga meza kwa patasi.

Sasa turudi katika elimu tuliyosomea. Hadithi tuliyoitegemea katika ile darsa ni ya Abdullahi bin Mas'ud (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayowataja kwa laana wenye kuchanja chale za rangi, wenye kunyoa nyusi na wenye kutia mwanya meno kwa ajili ya urembo, kwa kuwa wanabadilisha maumbile ya Allah. Hadithi ni sahihi na hukumu yake haina mchezo. Lakini tazameni vilivyotajwa: chale haifutiki, jino lililopigwa tupa halirudi. Wanazuoni wengi wamefahamu kuwa pambo la kupita, linalopakwa na kuoshwa, halimo katika laana hiyo. Tena Ibn Mas'ud huyo huyo ndiye aliyepokea, katika Muslim, habari ya mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kupenda nguo nzuri na viatu vizuri kama ni kiburi, naye akajibiwa kuwa sivyo. Sisi tuliisoma hadithi moja na tukaiacha ya pili, na zote mbili zimetoka kwa sahaba mmoja.

Wake wa Mtume wenyewe, na wao ni mama zetu, hawakuacha nyuso zao bila kitu. Ummu Salama (R.A.) anasimulia, na riwaya imo katika Abu Dawud na Tirmidhi, kuwa wanawake wenye nifasi walikuwa wakijipaka usoni warsi, mmea wa manjano utokao Yemen, kwa ajili ya madoa meusi yanayotokea mashavuni. Mama yeyote aliyezaa anayajua madoa hayo. Na Ummu Habiba (R.A.) alipofiwa na baba yake Abu Sufyan, Bukhari anapokea kuwa aliagiza manukato yenye rangi ya manjano akajipaka mashavuni. Akaeleza kuwa hakuwa na haja nayo, ila alitaka kuonyesha kuwa matanga ya mwanamke hayazidi siku tatu, isipokuwa kwa mume, ambaye eda yake ni miezi minne na siku kumi. Tumeisomesha hadithi hii miaka mingi katika mlango wa eda. Hatukuwahi kusimama hapo kwenye mashavu.

Hapana, hatusemi kwamba warsi ilikuwa hailaita. Tunasema tu kwamba baba aliyemfukuza binti yake na ombi lake hakuwa na hoja nzito kama alivyodhani, na hoja hiyo tulimpa sisi.

Yule dada mpambaji alitufundisha namna ya kuichagua, na tunayaandika hapa ili mama ampe binti yake elimu hii nyumbani, asiende kuitafuta kwa muuzaji. Kwa ngozi zetu nyeusi na za maji ya kunde, alisema, kosa la kwanza ni kununua ile ya fedha au nyeupe inayoonekana katika picha za simu. Juu ya ngozi nyeusi hiyo hugeuka majivu, mtu akaonekana kama ametoka kusaga unga. Ngozi nyeusi sana inataka shaba au dhahabu iliyoiva. Maji ya kunde inapokea dhahabu ya kawaida na rangi ya pichi. Ile ya lulu iachiwe wenye ngozi nyeupe. Ijaribiwe mgongoni mwa mkono au kwenye taya, karibu na mlango wa duka penye mwanga wa jua, maana taa za dukani zinadanganya. Mwenye uso wa mafuta achukue ya unga. Mwenye uso mkavu achukue ya krimu. Na krimu hupakwa kabla ya poda ya kawaida, kwani ikipakwa juu ya poda hufanya mabonge.

Kuhusu kupaka, neno lake kubwa lilikuwa "kidogo". Alitumia kidole cha pete, kwa sababu ndicho kisicho na nguvu, akakigusa tu kwenye poda, akapiga-piga juu ya mfupa wa shavu kuelekea kwenye nywele. Halafu nukta moja juu ya mwamba wa pua, nyingine kwenye kile kijishimo juu ya mdomo, na kidogo chini ya ncha ya nyusi. Ametuambia pia mahali pasipopakwa, na hapa wasichana wengi hukosea: katikati ya paji la uso kwa mwenye mafuta, na juu ya chunusi au makovu yake, kwa sababu kinachometa hakifichi uvimbe, hukionyesha. Akamaliza kwa kumpeleka mtu dirishani. Kama mtu anaona poda kabla hajaona uso, imezidi, ipanguswe.

Akaongeza onyo ambalo sisi hatukulijua. Ile pambo ya kumeta inayouzwa kwa kazi za shule na kadi za sikukuu haipakwi usoni hata siku moja. Vipande vyake vina ncha, na kikiingia jichoni kinaweza kukwaruza mboni. Na kopo la kipodozi halali huwa na kijichoro cha mtungi uliofunguliwa na namba ndani yake pamoja na herufi M, kwa mfano 12M, maana yake miezi kumi na miwili baada ya kufunguliwa. Brashi moja kwa wanawake kumi siku ya harusi ni njia ya kugawana chunusi na macho mekundu. Yeye huziosha zake kwa sabuni kila jioni, na tukaona aibu kwamba tulikuwa tukiiita kazi yake upuuzi.

Sasa udhu, maana hapa ndipo maswali ya wanafunzi yanapokuja kwa wingi, na hapa hatulegezi. Mtume (S.A.W.) aliwaona watu wamechukua udhu kwa haraka na visigino vyao havikupata maji, akawaonya kwa moto. Ikiwa kisigino kina onyo hilo, uso ambao umetajwa wa kwanza katika aya ya udhu una haki zaidi. Katika madhehebu ya Imam Shafii, tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, Imam Nawawi ameeleza katika Al-Majmuu kanuni ambayo hata mtoto anaielewa: kikiwepo juu ya kiungo kitu chenye mwili kinachozuia maji, kama nta au unga uliokandwa au hina yenyewe kabla haijabanduliwa, udhu hausihi. Ikibaki rangi tu ya hina, bila mwili wake, au mafuta ambayo maji yanapita juu ya ngozi ingawa hayakai, udhu unasihi.

Basi ipimeni hailaita kwa kanuni hiyo. Vumbi jembamba la unga linaloondoka kwa kiganja cha maji ni jambo jepesi. Krimu yenye nta, faundesheni nzito chini yake, na ile dawa ya kupuliza inayofunga yote yasitoke kwa jasho, hayo ni mwili. Kama chombo kimeandikwa kuwa hakipenyi maji, muuzaji mwenyewe ameshatoa fatwa. Njia nyepesi ni kuchukua udhu kwanza na kuulinda. Anayejua kuwa Maghrib itamkuta ukumbini, abebe mafuta kidogo ya nazi na kitambaa: mafuta huvunja nta, kisha sabuni, kisha maji. Tumesikia kuwa wapo wasichana wanaoiacha Maghrib na Isha siku ya harusi kwa sababu uso umegharimu pesa. Uso huo, basi, umekuwa ghali kweli.

Jambo la pili ambalo halilegezwi ni nani anayeona. Suratun-Nur aya ya 31 imetaja kwa hesabu wale ambao mwanamke anaweza kuwaonyesha pambo lake: mume, baba, baba mkwe, watoto, ndugu na wengineo waliotajwa. Wanazuoni wamekhitilafiana katika kile kinachodhihiri chenyewe, na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kutajwa wanja na pete. Lakini hailaita haina hoja ya kudhihiri yenyewe. Kazi yake yote ni kuita jicho. Imetengenezwa ili jicho lisipite bila kusimama pale shavuni. Kwa hiyo mahali pake ni nyumbani kwa mume, na kwenye majlisi za wanawake watupu, hina na harusi na Iddi za ndani. Si barabarani Biryogo, si kwenye basi, si chuoni.

Na hapo kwenye majlisi za wanawake watupu pana mtihani wa siku hizi ambao bibi zetu hawakuwa nao. Mlango umefungwa, wanaume wako nje na pilau yao, na ndani kila mkono una simu. Kabla bibi harusi hajakaa vizuri, mashavu ya binti zako yameshafika kwa watu mia tatu. Tunawaomba wenye harusi waweke kikapu mlangoni, simu ziingie humo. Wapo waliofanya hivyo mwaka huu na wageni walinung'unika robo saa tu, kisha wakacheza.

Kuna jambo dogo tungependa kulitaja kwa kupita. Mposaji anapokuja kumwona binti kwa idhini ya walii, aoshe uso. Anayetazamwa siku hiyo ni yeye.

Na lipo jingine ambalo si dogo, ingawa hatuna la kufanya nalo ila kulijua. Sehemu kubwa ya maika duniani huchimbwa India, katika majimbo ya Jharkhand na Bihar, na imeandikwa mara nyingi kuwa watoto hutumikishwa kuikusanya katika mashimo yasiyo na nguzo, na wengine wamefukiwa humo. Ziko kampuni zilizoahidi kusafisha njia za maika yao, na ziko zinazotumia maika ya kutengenezwa kiwandani. Binti anayejua kusoma na afungue simu hiyo hiyo aulize kabla hajanunua.

Sasa turudi kwa kile kikopo kisicho na maandishi.

Mkorogo una aina nyingi lakini sumu zake kubwa zinajulikana. Ya kwanza ni zebaki. Huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, ndiyo maana mtu huona anang'aa wiki za mwanzo, na wakati huo huo inapenya hadi kwenye figo na mishipa ya fahamu. Kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Na haimdhuru anayepaka peke yake: hukaa kwenye taulo, kwenye mto, kwenye mikono inayomlisha mdogo wake. Dunia imeshakubaliana juu ya hili. Mkataba wa Minamata ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, ukapiga marufuku kuanzia 2020 vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni, na mwaka 2023 nchi zikakubaliana kuondoa hata kile kiasi kidogo kilichokuwa kimeachwa, mwisho wake ukiwa 2025. Kwenye makopo huandikwa mercury, mercure au calomel, pale inapoandikwa. Mara nyingi haiandikwi. Alama moja ya kuifichua ni pale maelezo yanapokuonya usiguse krimu kwa pete ya dhahabu au fedha. Jiulizeni, kitu kinachoogopewa kisiharibu pete, kinapakwaje kwenye shavu la mtoto?

Ya pili ni haidrokwinoni, inayoandikwa hydroquinone, ambayo daktari anaweza kuitoa kwa kipimo na muda maalumu, lakini ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu inageuza pale palipotakiwa kuwa peupe pakawa na madoa ya bluu-nyeusi yasiyotibika kirahisi. Ya tatu ni dawa kali za hospitali kama klobetasoli. Hizi huifanya ngozi kuwa nyembamba mpaka mishipa ionekane, chunusi hujaa, na anayeziacha ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu hupata uso unaowaka. Ndiyo maana anayetaka kuacha asione haya kumwona daktari kwanza.

Hapa kwetu Rwanda serikali ilianza msako mkali mwishoni mwa mwaka 2018, polisi pamoja na wakaguzi wakaingia madukani na kuvikusanya. Tuliunga mkono na tunaunga mkono. Lakini marufuku ilivitoa rafuni, haikuvitoa mjini, na kinachouzwa kwa kificho ndicho hicho kisicho na jina wala maandishi. Baba yule naye aliweka marufuku nyumbani kwake. Sisi tuliweka yetu mimbarini. Binti alikuta milango mitatu imefungwa, akapita dirishani.

Kuna riwaya katika Musnad ya Imam Ahmad, kutoka kwa Bi Aisha (R.A.), inayowataja kwa laana wanawake wanaochubua nyuso na wanaochubuliwa. Isnadi yake imedhoofishwa na hatuijengei hoja. Wala hatuna haja nayo, kwa kuwa kanuni ya kutojidhuru na kutomdhuru mwingine inatosha, na hadithi ya Ibn Mas'ud, ile tuliyoipeleka mahali pasipo pake, hapa ndipo mahali pake hasa. Mwenye kujichubua anamwambia Muumba wake kwamba rangi ile haikufaa. Hili ndilo tulilotakiwa kulikemea kwa sauti kubwa siku ile, na poda ya siku ya hina tukaifafanua kwa sauti ya kawaida.

Ustadha ndiye aliyempeleka binti kituo cha afya kwa mituweli ya familia. Muuguzi alimwambia alete kikopo, akakinusa, akatikisa kichwa, akampeleka kwa daktari. Amepewa mafuta mepesi yasiyo na harufu na ameambiwa akae mbali na jua kali, na avumilie miezi. Uwekundu umepungua. Weusi chini ya macho bado upo.

Kwa baba yake tulikwenda sisi, baada ya Isha. Tulimwambia, "Mzee mwenzetu, yale maneno uliyomjibu mtoto yalikuwa yetu, na yalikuwa nusu." Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kitu kimoja tu: "Angeniambia ni poda, Maalim. Mimi nilidhani ni ule mkorogo." Mama yake, aliyekuwa nyuma ya pazia, akajibu kwamba mtoto alisema poda, tena mara mbili.

Harusi ilifanyika kwa tarehe yake. Binti alihudhuria na uso mtupu, kwani yule dada mpambaji alikataa kabisa kumgusa shavu, akampaka hina mikono hadi kwenye viwiko kama fidia.

Jumamosi ijayo, inshaallah, baada ya Alasiri, Ustadha na dada mpambaji watakaa na kina mama na mabinti katika chumba cha juu cha madrasa. Kila mmoja anaombwa aje na vikopo vyote alivyonavyo nyumbani, vyenye maandishi na visivyo na maandishi, vitasomwa kimoja kimoja. Hakuna atakayeulizwa alivipata wapi. Kina baba tutakuwa chini msikitini saa hiyo hiyo, na darsa ile ya mwaka juzi tutaisomesha upya tangu mwanzo.

Wallaahu a'lam.